Mbona Tunawapenda Wakiwa Mochari?

Neno la leo halitakufurahisha. Ukiamua kuniondoa kwa marafiki zako baada ya kusoma, ni sawa tu.

Juzi ndugu mmoja wetu aliandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp akiomba 6,000. Figo zilikuwa zimefeli, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa imemshinda. Ujumbe ulisomwa. Wanne wakajibu, "Mungu atatenda." Mmoja akaweka mikono ya maombi. Mwingine, Bwana amsamehe, akatuma tangazo la viatu vya mtumba papo hapo.

Mimi mchungaji wake nilimwambia nitamtumia 1,000 jioni. Jioni nikasahau.

Wiki tatu baadaye akafariki. Saa mbili hazikuisha, kikundi kipya kimefunguliwa, watu 214 ndani, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wamechaguliwa. Kwa siku nne tulivuka 180,000. Hema, viti, spika, gari, fulana zenye picha yake akitabasamu, vijitabu vya rangi, na mtu wa kamera ili walio Qatar na Marekani wafuatilie. Sasa chukua ile 6,000 uigawe kwa watu 214. Haifiki hata 30 kwa mtu. Kwa matatu, hiyo haikupeleki steji ya pili.

Najua utaniambia, "Pasta, mazishi ni heshima." Sipingi. Yusufu wa Arimathaya alitoa kaburi lake mwenyewe na Injili inamtaja kwa wema. Lakini tuambiane ukweli. Ukichangia mazishi, jina lako linaingia kwenye orodha, orodha inatumwa tena kila jioni, na wewe unaipekua kuona kama umeandikwa. Mgonjwa hana orodha. Tena mgonjwa ana tabia moja mbaya: mwezi ujao ataomba tena. Maiti haombi mara ya pili. Ndiyo maana tunampenda.

Soma Yohana 5. Yule mtu kando ya birika alikuwa ameugua miaka 38. Yesu anamwuliza kama anataka kupona, naye hata hajibu kuhusu ugonjwa. Anasema hana mtu wa kumtia majini. Hana mtu, na pale pamejaa watu! Kanisa likijaa Jumapili hadi viti vinaazimwa, wangapi wamekaa humo hawana mtu?

Halafu nenda Marko 14. Yule mwanamke alivunja chupa ya manukato ya zaidi ya dinari 300, karibu mshahara wa mwaka wa kibarua, akammiminia Yesu akiwa hai, ameketi mezani. Walionuna ni wale waliokuwa karibu naye. Sura ya 16, akina mama wengine wanabeba manukato yao alfajiri hadi kaburini. Walikuwa na upendo wa kweli, siwalaumu. Lakini yale manukato hayakupata mwili wa kupakwa.

Ninyi wa kamati mtanisamehe, nimepiga hesabu. Mchango wa SHA kwa asiye na mshahara unaanzia 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Hema na viti vya siku moja tulilipa 14,400. Hao ni wajane wanne, mwaka mzima. Na wajane wanne ambao hawajalipiwa mnawajua kwa majina, wanakaa safu ya tatu.

Jumapili hii baada ya ibada, mweka hazina wa ile kamati atakaa mezani karibu na mlango na daftari lile lile. Kuna kijana wetu yuko wodini tangu Jumatatu, anangoja vyuma vya mguu. Yuko hai, anaongea, anauliza nani atakuja kumwona. Mimi nimeshaandikwa wa kwanza, na ile 1,000 niliyosahau.