Uyoga wa Karagwe haumo kwenye simu

Mvua za vuli zikishakolea Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wachumaji huamka mapema kuwahi uyoga wa rweya, yaani nyika za nyasi, kabla jua halijaukausha na funza hawajaingia kwenye shina. Kijana mwenye simu naye hayuko mbali. Anaupiga picha, programu inatafuta, kisha inampa jina la uyoga unaoota Ufaransa au Ujerumani. Hapo ndipo maswali huanza: ule wa manjano si ndio shantereli ya hoteli za Ulaya? Na kile kitonge kigumu kilichofukuka chini ya mikaratusi, si ndiyo trufeli inayouzwa huko kwa bei ya kutisha?

Siyo. Programu hizo zimefundishwa zaidi kwa picha za Ulaya na Marekani, hivyo uyoga wa Kagera hulazimishwa kuvaa jina la kule. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zisiiachie simu kazi hii. Zinapaswa kuwa na orodha yao ya uyoga, yenye picha, majina ya kienyeji na majina ya kitaalamu, iandaliwe pamoja na wachumaji wenyewe.

Tuanze na trufeli. Ile ya Ulaya huishi ardhini ikishirikiana na mizizi ya miti kama mwaloni. Afrika nayo ina yake, lakini ni ya jangwani: Kalaharituber pfeilii, inayochimbwa Botswana na Namibia mchanga unapopasuka juu yake. Waswahili walioko Ghuba wanawajua ndugu zake sokoni kwa jina la faqa. Kitonge cha chini ya mikaratusi ni kitu kingine. Miti hiyo ililetwa kutoka Australia, nayo ina kuvu zake. Mojawapo ni Scleroderma, yenye ngozi ngumu na nyama ambayo ikikomaa hugeuka zambarau iliyokolea, halafu nyeusi, mwisho vumbi. Anayeila huishia kutapika. Kipimo chake ni kisu: kipasue katikati. Kikionyesha ndani umbo la kofia na shina vilivyojikunja, hicho ni kichanga cha uyoga mwingine, na huenda ni Amanita, ukoo wenye jamaa wanaoua.

Shantereli ni habari nyingine, maana Tanzania inazo kwa wingi. Ila ni uyoga wa miombo. Huota pale kuvu inaposhikana na mizizi ya mitundu, mikusu na miti mingine ya miombo, na ndiyo maana husikika sana Tabora, Kigoma na Iringa. Migunga ya mbuga za Karagwe haishirikiani nazo, wala mgomba na mbuni. Anayeleta uyoga wa manjano kutoka shambani na kusema ni shantereli aulizwe kwanza aliutoa chini ya mti gani. Kisha augeuze: chini ya kofia ya shantereli hamna matamvua membamba kama visu yanayobanduka, kuna mikunjo butu inayoteremka mpaka kwenye shina.

Hata wataalamu walichelewa kujua kwamba shantereli za huku si ile ya Ulaya. Kwa miaka mingi shantereli za njano za Afrika ziliandikwa kwa jina la ile ya Ulaya, Cantharellus cibarius. Mbelgiji Paul Heinemann alizipa kadhaa za Kongo majina mapya mwaka 1966, miongoni mwao Cantharellus platyphyllus na Cantharellus symoensii. Bart Buyck akaandika kuhusu uyoga unaoliwa magharibi mwa Burundi katika kitabu chake cha 1994. Kwa Tanzania, kazi kubwa ni ya Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao kitabu chao cha uyoga wa Tanzania kilitoka 2003. Kiliandikwa kwa Kiingereza. Mchumaji wa Nkwenda atakisomea wapi?

Na mchumaji huyo anacho chake, ambacho Ulaya haina: uyoga wa kichuguu. Roger Heim, Mfaransa, aliupa ukoo huu jina la Termitomyces mwaka 1942. Mchwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvila na kwa kinyesi chao hujenga masega ndani ya kichuguu, na kuvu hukua juu ya masega hayo hadi yawe chakula cha mchwa. Ushirika huu umeanzia Afrika, na wanasayansi wanaukadiria kuwa na umri wa miaka milioni 30 hivi. Mvua inyeshapo kuvu hutuma shina hadi juu ya ardhi, na mwingine, kama Termitomyces titanicus wa Zambia, hufungua kofia yenye upana unaopita nusu mita. Wadogo kabisa, Termitomyces microcarpus, huchipuka kwa mamia kwenye mabaki ya masega yaliyotolewa nje. Ng'ambo ya mpaka, Waganda huwaita obubaala na kuwapa wageni wa heshima.

Hakuna aliyefanikiwa kuupanda uyoga wa kichuguu kibiashara kama uyoga wa mamama unavyopandwa kwenye mifuko. Kichuguu ndicho shamba lake. Mkulima anayemwagia kila kichuguu dawa anaua mchwa, na uyoga wa msimu ujao unakwenda nao.

Hatari yake ni pacha wa sura: Chlorophyllum molybdites, mkubwa, mweupe, mwenye magamba ya kahawia kichwani, unaopenda nyasi za viwanja na malisho. Saa moja hadi tatu baada ya kuula, tumbo huchafuka vibaya. Kuwatofautisha kunahitaji mikono. Uyoga mkubwa wa kichuguu uchimbwe, usikatwe: chini yake kuna mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye masega, na juu ya kofia kuna ncha iliyochongoka. Pacha hana mzizi huo, na shingoni ana pete inayoteleza. Kofia ikilazwa kwenye karatasi nyeupe na kufunikwa kwa bakuli usiku kucha, ya kichuguu huacha unga wa waridi hafifu, ya pacha huacha kijani. Kuchimba kuna faida nyingine: kikombe kinachomtambulisha Amanita hujificha udongoni, na anayekata kwa kisu juu ya ardhi hukiacha huko.

Vipimo vingine vinavyozagaa ni vya kutupa. Kitunguu au kijiko cha fedha kuwa cheusi hakusemi lolote. Uyoga ulioliwa na konokono si salama kwa sababu hiyo. Sumu kali ya Amanita haiondoki kwa kuchemsha, na dalili zake huchelewa saa sita au zaidi, kisha mgonjwa huonekana kupata nafuu huku ini likiharibika.

Mkulima wa Kayanga hawezi kuchanganya aina za ndizi kama nchoncho na entobe, na ndizi za Kagera zina kituo chao cha utafiti, TARI Maruku. Uyoga hauna hata ukurasa mmoja katika kazi ya afisa ugani. Halmashauri ziwalipe wachumaji wazoefu, wengi wao kina mama, watembee na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kwa misimu miwili ya mvua, wakusanye, wakaushe na kupiga picha. Mipaka nayo ifafanuliwe: tangu 2019 Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa ni hifadhi za taifa, na humo mwananchi haruhusiwi kuchuma. Kitabu chenyewe kiwe cha Kiswahili na Kinyambo, kipatikane kwenye zahanati na kwa wakaguzi wa soko, na ukurasa wake wa kwanza umwambie mgonjwa wa uyoga afike hospitali akiwa na mabaki ya alichokula, pamoja na shina na mzizi wake.