Kibali Kilizikwa, Fikra Zake Zingali Ofisini

Wananchi wenzetu, sheria mbovu yaweza kufutwa kwa kura ya siku moja, lakini fikra zilizoizaa hubaki mezani pa afisa miaka mingi. Wahenga walinena: mazoea yana taabu.

Kumbukeni Julai 1990. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano Kamukunji, Nairobi, tarehe 7, kudai vyama vingi. Serikali ilikataa kutoa leseni, kisha siku tatu kabla ya mkutano ikawatia wawili hao kizuizini. Zama hizo mkutano wa hadhara ulikuwa hisani ya mkuu wa wilaya: akipenda hutoa, asipopenda hunyima.

Hisani hiyo ilikomeshwa mwaka 1997, kufuatia mapatano ya wabunge yaliyojulikana kama IPPG. Tangu hapo mwenye mkutano haombi leseni. Hupeleka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya mkutano. Afisa akiwa amekwisha kupokea taarifa nyingine ya mahali pale pale, siku ile ile na saa ile ile, aweza kukataa, naye sharti amjulishe mhusika kwa maandishi. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kikaitia haki hii muhuri: kukusanyika kwa amani, bila silaha.

Hata hivyo, ni mara ngapi tumesikia afisa akitamka, "Mkutano huu hauna kibali"? Kibali kipi? Kilikwisha kuzikwa!

Hatusemi kila afisa ana nia mbaya. Wengi walijifunza kazi kwa wakubwa waliozoea kutoa na kunyima, na desturi hiyo tuliirithi kwa mkoloni. Lakini kazi yenyewe imebadilika. Taarifa hupelekwa ili polisi wajiandae: waongoze magari, wawalinde wanaokutana na wasiokutana, wazuie fujo. Afisa aliyekuwa bawabu sasa ni mlinzi. Asiyeiacha kazi ya kwanza hawezi kuifanya ya pili, na gharama ya ukaidi wake hulipwa na raia kwa marungu, moshi wa kutoza machozi na hata risasi.

Nasi tujisute. Wangapi miongoni mwetu huenda kituoni kofia mkononi "kuomba ruhusa"? Anayeomba alichokwisha kupewa na sheria humfundisha afisa kwamba bado ni chake.

Basi, ndugu msomaji, pelekeni taarifa, wala msiombe. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri. Mkikataliwa, daini sababu kwa maandishi, na mtake kuona daftari la taarifa, kwani sheria yasema liwe wazi kwa umma. Fikra kuukuu haitaondoka ofisini kwa hiari yake. Itaondoka siku ambayo hakuna mwananchi atakayeinamia.