SAFU YA NYUMBANI: Kinga ya zamani ina miaka mingapi?



Swali la juma hili limeletwa na mama mjane wa upande wa Uvira. Marehemu bwana wake alimwachia kinga, Raleigh nyeusi ya vitesi tatu. Kijana wake anaitumia kubeba mihogo toka shambani mpaka sokoni, na ndiyo inayowalisha. Sasa shemeji zake wanaidai. Wanasema haikuwa ya marehemu, ilikuwa ya baba yao, mzee aliyefariki mwaka 1969, na kwa kuwa mali ya mzee haikugawanywa, irudi kwa ukoo. Mama anasema yeye na bwana wake waliinunua kwa pesa ya ndagala. Risiti ililiwa na mchwa zamani. Anatuuliza: je, kinga yenyewe inaweza kusema umri wake?

Inaweza. Tukumbuke kwanza jambo moja: hakuna mtu anayeweza kununua kitu kabla hakijatengenezwa. Kwa hiyo tunatafuta mwaka wa kiwanda. Mwaka huo hautuambii siku ya kununua, lakini unatuambia kwamba kabla ya hapo kinga hiyo haikuwepo duniani.

Anzeni kwa kusafisha. Kitambaa, petroli kidogo na brosi ya meno iliyochakaa vinatosha. Msitumie msasa wala kisu, kwa maana namba nyingi zimegongwa juu juu tu, na mkizikwangua mmeharibu ushahidi wenu wenyewe.

Kisha angalieni kitovu cha gurudumu la nyuma, pale spoku zinapoanzia. Kinga nyingi za Uingereza zenye vitesi tatu zina kitovu cha Sturmey-Archer, kilichotengenezwa mji wa Nottingham. Juu yake mtasoma herufi, mara nyingi AW, na karibu yake tarakimu mbili za mwaka: 58 ni 1958, 64 ni 1964. Tarakimu nyingine ndogo iliyo karibu ni ya mwezi. Hata vitovu vingi vya zamani vya Torpedo, vya Ujerumani, vile vya kufunga freni kwa kurudisha pedali nyuma, vimegongwa mwaka kwa tarakimu mbili.

Lakini gurudumu hubadilishwa. Kinga ya mwaka 1950 inaweza kuwa na gurudumu la mwaka 1970. Kwa hiyo tafuteni pia namba ya kadre, ule mwili wa chuma wenyewe. Huwa imegongwa chini ya kiti, au chini pale pedali zinapopita, au nyuma karibu na gurudumu. Raleigh za Nottingham za tangu katikati ya miaka ya 1970 zina namba inayoanza na herufi mbili: N ni ya Nottingham, herufi ya pili inaonyesha wakati wa mwaka, na tarakimu inayofuata ni ya mwisho ya mwaka. Tarakimu 6 yaweza kuwa 1976 au 1986, ndiyo maana tunailinganisha na kitovu. Vitu viwili vikisema mwaka mmoja, tunaweza kuamini.

Jina la kiwanda nalo linasaidia. Hero ya Ludhiana, kule India, haiwezi kuwa ya kabla ya 1956, maana kampuni ilianza mwaka huo. Mtu akikuambia Hero yake ilikuja kabla ya vita vya Hitler, mpe kiti apumzike.

Na sisi Wakongomani tuna alama zetu ambazo hata fundi wa Ulaya hazijui. Muuzaji akiwa aliweka kibao au karatasi yake kwenye kinga, someni jina la inchi. Neno Zaïre linaonyesha kwamba kibao ni cha kati ya 1971 na 1997. Mji ukiitwa Élisabethville au Stanleyville, kibao kilitengenezwa kabla ya majina hayo kubadilishwa kuwa Lubumbashi na Kisangani mwaka 1966. Risiti ikihesabu kwa zaire na makuta, si ya kabla ya 1967, mwaka zaire ilipochukua nafasi ya faranga. Kibao cha kodi chenye mwaka ni kizuri pia, ila kinaonyesha mwaka wa kulipa kodi tu. Kinga yaweza kuwa ya zamani zaidi.

Turudi kwa mama yetu. Wawili kati yetu walikwenda kwake pamoja na fundi, na tuliomba shemeji mmoja awepo, ili mtu asiseme tulijigongea namba wenyewe. Kitovu kilionyesha 76. Shemeji akasema, na alikuwa na haki ya kusema, kwamba gurudumu lingeweza kubadilishwa. Fundi akageuza kinga, akasafisha kadre. Namba ilianza na N, na tarakimu ya kwanza ilikuwa 6. Shemeji aliisoma mwenyewe kwa sauti. Mzee alifariki 1969. Kinga ilitengenezwa miaka saba baada ya maziko yake.

Katika kikao cha familia hakuna aliyesema tena kwamba ni kinga ya mzee. Baba mkubwa wa watoto alisema wazi kwamba pengine walichanganya: mzee alikuwa na kinga, ndiyo, nyeusi pia, lakini ilikuwa nyingine. Hatukuona sababu ya kumwita mwongo. Miaka hamsini inachanganya watu wengi.

Tuseme ukweli mpaka mwisho. Namba hizo hazikuthibitisha kwamba ndagala za mama ndizo zilizonunua kinga. Hilo lilisemwa na mama mwenzake aliyeuza naye samaki wakati ule, ambaye bado yuko hai. Namba ziliondoa dai la ukoo. Shahidi akajaza sehemu iliyobaki. Vilihitajika vyote viwili. Na jueni kwamba kama kitovu na kadre vingesema 1955, tungelazimika kumwambia mama hivyo hivyo. Namba hazina shemeji wala dada.

Kinga ikiwa mali ya marehemu, Kanuni ya Familia ya 1987 inaweka watoto wake katika kundi la kwanza la warithi. Mjane naye yumo kati ya warithi. Kaka za marehemu hawawatangulii watoto. Wamama wengi hawajui hilo, na vitu vinatoka nyumbani siku ya matanga kabla mtu hajauliza.

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba ifanye kazi moja juma hili, wakati bwana na bibi wote wako hai na wanapatana. Chukueni daftari. Andikeni namba ya kinga, ya cherehani, ya radio, ya kila chombo chenye namba. Kando yake andikeni mwaka mlionunua, mahali, bei, na jina la mtu aliyeona. Wote wawili mtie sahihi. Daftari liwekwe juu, mbali na mchwa.

Asiyejua kuandika aje kwenye mkutano wetu na kinga yake, tutamwandikia. Atakayeshindwa kusoma namba, fundi atakuwepo na brosi yake.