Gemu Zimevuka Mpaka, Wachezaji Wamebaki Getini

Mwanzoni mwa mwaka 2024 zilienea tetesi zilizowagawa wapenzi wa gemu duniani: kwamba Microsoft, wenye Xbox, walikuwa wakijiandaa kuuza gemu zao kwenye PlayStation ya Sony na Switch ya Nintendo. Walionunua Xbox kwa ajili ya gemu hizo walisema wamesalitiwa. Wa upande wa PlayStation walishangilia ushindi. Tarehe 15 Februari Phil Spencer, mkuu wa Xbox wakati huo, alijitokeza kutuliza mambo. Alisema ni gemu nne tu zitakazovuka, na kwamba Starfield na Indiana Jones hazimo. Nne hizo zilikuja kujulikana kuwa Hi-Fi Rush, Pentiment, Grounded na Sea of Thieves. Lakini mlango huo haukufungwa tena. Indiana Jones, ileile iliyosemwa haimo, ilifika PlayStation 5 Aprili 2025, na Forza Horizon 5 ikaifuata mwezi huohuo. Doom: The Dark Ages ilitoka Mei 2025 kwenye mashine zote mbili kwa siku moja. Tarehe 26 Agosti mwaka huohuo yalitokea mabadilishano ambayo miaka kumi nyuma hakuna ambaye angeyaamini: Gears of War ya Microsoft iliingia PlayStation, na Helldivers 2, gemu inayotolewa na Sony, ikaingia Xbox. Miezi miwili baadaye ikatangazwa kwamba Halo, gemu iliyoizindua Xbox ya kwanza mwaka 2001, nayo itakwenda PlayStation mwaka 2026.

Mjadala wa haya yote umebaki kwenye swali la nani kashinda na nani kashindwa. Nadhani swali hilo limetupotezea muda. Gemu kuvuka ni jambo jema, na lilikuwa lazima litokee. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kufuli iliyokuwa kwenye mashine imehamishiwa kwenye akaunti ya mchezaji, na huko watu wachache sana wanaitazama.

Chanzo cha mabadiliko kiko kwenye hesabu. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilikwenda mahakamani kuizuia Microsoft isiinunue kampuni ya gemu ya Activision Blizzard, na katika kesi hiyo nyaraka za Sony zilizopaswa kufichwa zilipakwa wino mweusi vibaya kiasi kwamba tarakimu zilisomeka. The Last of Us Part II ilikuwa imegharimu dola milioni 220. Horizon Forbidden West iligharimu dola milioni 212. Gemu ya dola 70 inahitaji kuuza nakala zaidi ya milioni tatu kwa bei kamili ili kurudisha dola milioni 220, kabla ya kuhesabu matangazo na mgawo wa maduka. Kwa upande wake Microsoft ilikuwa imetoa dola bilioni 7.5 kuinunua kampuni ya gemu ya ZeniMax mwaka 2021, na karibu bilioni 69 kwa Activision Blizzard miaka miwili baadaye. Fedha hizo haziwezi kurudi kwa kuuza kwenye mashine iliyoachwa nyuma. Kufikia katikati ya mwaka 2025 Sony ilikuwa imeuza zaidi ya PlayStation 5 milioni 80, ilhali Microsoft iliacha kutangaza idadi ya Xbox zinazouzwa tangu mwaka 2015, na kampuni inayoongoza sokoni haina sababu ya kuficha hesabu zake. Isitoshe, ili wasimamizi wa ushindani waridhike na ununuzi wa Activision, Microsoft ilitia saini mikataba ya miaka kumi na Nintendo na Sony kwamba Call of Duty, gemu ya Activision, haitafungiwa. Sehemu ya kile kilichoitwa tetesi, kwa hiyo, ilikuwa tayari imeahidiwa kwa maandishi.

Hata mwenye mashine inayoongoza amejifunza somo hilo. Sony ilianza kupeleka gemu zake kubwa kwenye kompyuta na Horizon Zero Dawn mwaka 2020. Helldivers 2 ilitoka Februari 2024 kwenye PlayStation na kompyuta siku moja, ikauza nakala milioni 12 katika takriban miezi mitatu, kasi ambayo hakuna gemu nyingine ya PlayStation iliyowahi kuifikia. Square Enix ya Japani ilipita njia ya kinyume: iliifungia Final Fantasy XVI kwenye PlayStation 5 pekee mwaka 2023, na kufikia Mei 2024 ilikuwa inatangaza mpango wa kuuza gemu zake kwenye mashine mbalimbali. Gemu yenye gharama ya filamu kubwa haiwezi tena kuishi kwenye chumba kimoja.

Wapo wanaosema gemu bila mashine yake haina nafsi, kwamba kufungiwa ndiyo desturi ya biashara hii tangu mwanzo. Historia inasema vingine. Mwaka 1982 kampuni ya Coleco, iliyokuwa na haki ya Donkey Kong kwa mashine yake ya ColecoVision, iliitengeneza pia kwa ajili ya Atari 2600 na Intellivision, mashine za wapinzani wake wawili. Sega, baada ya miaka ya kupigana na Nintendo, ilitangaza Januari 2001 kwamba inaacha kutengeneza mashine yake ya Dreamcast, na kabla mwaka haujaisha Sonic alikuwa anakimbia kwenye GameCube ya Nintendo. Waliolia wakati huo walidhani ndio mwisho wa Sonic. Sega iko hai hadi leo, na watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuigusa Dreamcast wanamjua huyo kalunguyeye wa buluu.

Pingamizi zito zaidi linatoka Nintendo. Mario na Zelda mpya hawaendi kwa mpinzani, isipokuwa majaribio machache ya simu kama Super Mario Run ya mwaka 2016, na Switch imeuza zaidi ya mashine milioni 150. Nintendo hubuni mashine na gemu kwa pamoja, na mpinzani akiiga gemu bila mashine anapata nusu ya kitu. Hoja hiyo naikubali, na sioni kwa nini yeyote ailazimishe Nintendo ibadilike. Lakini mfano wake hauwatetei wengine. PlayStation 5 na Xbox Series X zinafanana mno ndani: vichakato vyote viwili vimetokana na AMD, na tofauti anayoihisi mchezaji mkononi ni ndogo. Kulifungia gari la Forza kwenye moja ya mashine hizo mbili hakukuwa na sababu ya ufundi. Ulikuwa uamuzi wa wauzaji, na umebadilishwa na wauzaji haohao.

Pingamizi jingine ni la bei. Ikiwa Xbox itafifia kwa kukosa gemu zake yenyewe, Sony itabaki peke yake na itapandisha bei itakavyo. Dalili zipo: Agosti 2025 PlayStation 5 ilipanda nchini Marekani kutoka dola 500 hadi 550, miaka karibu mitano tangu itoke, wakati PlayStation 2 katika umri huo ilikuwa imeshuka kutoka dola 299 hadi 149. Hofu hiyo ina msingi, ila ushahidi wake haujanyooka. Xbox Series X, mashine ya anayeshindwa, ilipanda zaidi: kutoka dola 500 hadi 600 mwezi Mei 2025, na hadi 650 Oktoba. Bei zinazopanda kwa mshindi na kwa mshindwa zina sababu nyingine pia, zikiwemo ushuru wa forodha wa Marekani na gharama za vipuri. Zaidi ya hapo, kufungia gemu ni njia mbaya ya kulinda ushindani, kwa sababu anayelipia ulinzi huo ni mchezaji anayelazimika kununua mashine mbili. Palipo na hatari ya kampuni moja kuhodhi soko pana vyombo vya kisheria vya kushughulika nayo, na vyombo hivyohivyo ndivyo vilivyoifungua Call of Duty.

Wala tusijidanganye kwamba kuvusha gemu ni ukarimu. Hi-Fi Rush ilifika PlayStation tarehe 19 Machi 2024, ikasifiwa na wakosoaji. Tarehe 7 Mei Microsoft ilitangaza kuifunga Tango Gameworks, studio ya Tokyo iliyoitengeneza. Ilipita miezi mitatu ndipo Krafton ya Korea Kusini ikaichukua. Soko pana halikuwapa wale watu hata miezi miwili ya usalama wa ajira. Anayetetea kuvuka kwa gemu, kama mimi, anapaswa kulitaja jambo hili waziwazi, kwa sababu faida ya kuwafikia wateja zaidi haimfikii mtengenezaji mpaka mwenye studio aamue hivyo.

Sasa nirudi kwa walionunua Xbox na kujiona wamesalitiwa. Malalamiko yao yana haki ndani yake, ingawa yameelekezwa kusiko. Mtu kucheza Halo kwenye PlayStation hakumpunguzii chochote aliyeicheza kwenye Xbox. Anachoweza kupoteza mwenye Xbox ni maktaba yake: gemu alizozilipia kwa miaka kupitia mtandao, zisizo na diski, ambazo zinaishi ndani ya akaunti moja ya kampuni moja. Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya 3DS na Wii U Machi 2023. Duka la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024. Sony ilitaka kulifunga la PlayStation 3 mwaka 2021 ikarudi nyuma baada ya wateja kupiga kelele. Na gemu inapovuka, mali ya mchezaji haivuki nayo. Aliyeinunua Forza Horizon 5 kwenye Xbox atainunua upya akitaka kuicheza PlayStation, na hatua alizokwisha kufika haziji. Anaanzia gereji tupu. Sea of Thieves inaruhusu mchezaji kuendelea alipoachia, jambo linaloonyesha kwamba ufundi upo na kinachokosekana ni nia. Gemu zote hizo mbili zikiwa kwenye PlayStation zinamdai mchezaji afungue akaunti ya Microsoft. Kwa hiyo aliyeko kwenye mashine ya Sony sasa ana walinzi wawili wa mlango badala ya mmoja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mlango huo ndio habari yenyewe. Mei 2024 Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo haipatikani rasmi katika sehemu kubwa ya dunia, na gemu ikaondolewa sokoni kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170. Kusini mwa Sahara, nchi iliyomo kwenye orodha ya Sony ni Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo. Mashine zenyewe zimejaa: zinauzwa madukani Kariakoo na Nairobi, na vibanda vya gemu ambako vijana hulipia dakika za kushika pedi na kucheza mpira vimekuwepo tangu enzi za PlayStation 2. Anayetaka kununua gemu au kucheza na mwenzake mtandaoni hujisajili kama mkazi wa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, kisha hutafuta kadi za malipo za nchi hiyo kwa wauzaji wa kati, kwa bei waliyoiongeza wao. Akaunti ya namna hiyo inakiuka masharti ya kampuni. Ikifungwa, hana pa kwenda kudai, na kila alichokilipia kinakwenda nayo. Kwa mtu huyu, taarifa kwamba Halo inakuja PlayStation ina thamani nusu: gemu imefika kwenye mashine aliyo nayo, ila njia halali ya kuilipia kwa jina lake na nchi yake haijafika.

Wapo watakaosema soko letu ni dogo, na kampuni haiwezi kufungua huduma mahali ambapo sheria za kodi, malipo na ulinzi wa watumiaji ni tofauti kila mpaka. Ni kazi, kweli. Lakini Netflix na Spotify wamekwisha kuifanya, na Steam inauza gemu kwa wateja wa Kenya na Tanzania. Hoja ya udogo wa soko pia inajizunguka yenyewe: wanaojisajili kama wakazi wa Johannesburg au London huhesabiwa kuwa wa huko, kisha idadi ndogo inayobaki kwetu inatumiwa kuthibitisha kwamba hatupo.

Tunajua pia kwamba milango hii hufunguka ikisukumwa. Juni 2018 wachezaji wa Fortnite waligundua kuwa akaunti iliyowahi kuguswa na PlayStation haiwezi kutumika kwenye Switch. Waliizonga Sony kwa malalamiko, na Septemba mwaka huohuo ikaruhusu wachezaji wake kucheza na wa mashine nyingine. Sharti la akaunti kwenye Helldivers 2 lilidumu siku tatu tu: baada ya maoni hasi zaidi ya 200,000 kurundikana kwenye Steam, Sony ililiondoa. Januari 2025 ikalegeza tena, ikatangaza kwamba baadhi ya gemu zake za kompyuta, zikiwemo God of War Ragnarök na Spider-Man 2, hazitadai akaunti hiyo kwa lazima. Nguvu iliyotumika miaka hii miwili kubishana kama Xbox imekufa ingetosha kudai mambo matatu ambayo kampuni hizi tayari zinajua kuyafanya: hatua za mchezaji zimfuate kila gemu inapovuka, akaunti ya pili iwe hiari kwa anayecheza peke yake, na nchi za Afrika Mashariki ziingizwe kwenye orodha ya kujisajili. La tatu ndilo la kuanza nalo, kwa sababu bila hilo mengine mawili hayatuhusu.