Kilima cha Arnold Circus: Nyumba za Manispaa na Swala la Turathi

Aghalabu neno turathi linapotajwa, fikira za wengi hukimbilia ngome, misikiti mikongwe na majumba ya wafalme. Ni nadra mtu kufikiria nyumba za kupanga zilizojengwa na baraza la jiji kwa ajili ya vibarua na mafundi. Hata hivyo, mnamo mwaka wa 1994 majengo ya mtaa wa Boundary, ulioko Shoreditch mashariki mwa London, yaliingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria, katika Daraja la Pili. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Linalostahili kuhojiwa ni kile hasa kinacholindwa.

Mtaa huu ni miongoni mwa mitaa ya mwanzo kabisa ya nyumba za manispaa nchini Uingereza. Baraza la Kaunti ya London liliundwa mwaka wa 1889, na mwaka uliofuata sheria mpya ya makazi ya wafanyakazi ikalipa uwezo wa kubomoa vitongoji duni na kujenga upya. Wasanifu wake, wakiongozwa na Owen Fleming, walikuwa vijana walioamini kwamba mchukuzi na seremala nao wanastahili jengo la kupendeza. Mashirika ya hisani yalikuwa yamezoea kuwajengea maskini maghorofa makavu yanayofanana na kambi za askari. Fleming na wenzake walichora mapaa marefu yaliyochongoka, madirisha mapana, na kuta za matofali yaliyopangwa kwa mistari ya rangi mbili. Barabara saba hukutana katika bustani ya duara iitwayo Arnold Circus. Katikati ya bustani pana kilima, na juu ya kilima pana kibanda cha wanamuziki. Majengo yalipewa majina ya mahali palipo kandokando ya Mto Thames: Marlow, Sonning, Hurley, Iffley. Ni majina ya mashambani, yenye harufu ya maji na majani mabichi.

Kilima hicho ndicho chenye mengi ya kusimulia. Kiliinuliwa kwa kifusi cha Old Nichol, kitongoji kilichokuwa pale awali. Katika ramani ya umaskini ya Charles Booth ya mwaka wa 1889, baadhi ya vichochoro vyake vilipakwa rangi nyeusi, rangi ya tabaka la chini kabisa. Mwaka wa 1896, ubomoaji ukiwa umekwisha kupamba moto, Arthur Morrison alichapisha riwaya ya A Child of the Jago, iliyokisawiri kitongoji hicho kama pango la wezi. Wapo wahakiki wa wakati ule waliomlaumu kwa kutia chumvi. Lakini kifusi hakiwezi kujibu riwaya, na picha aliyoichora Morrison ndiyo iliyodumu.

Waliohamishwa walikuwa watu 5,719. Mwanamfalme wa Wales alipoufungua mtaa mpya mwaka wa 1900, ulikuwa na nyumba zaidi ya 1,000. Kati ya wale wa awali, waliopata makao humo walikuwa 11 tu. Kodi iliwashinda, na masharti ya upangaji hayakuafiki maisha ya mchuuzi ambaye leo anapata na kesho anakosa. Wakasogea katika vitongoji jirani vilivyokuwa tayari vimefurika, na nafasi zao zikatwaliwa na mafundi na makarani wenye mshahara wa uhakika. Jina la Nichol halikupewa jengo hata moja.

Sheria ya ulinzi wa majengo inahusu tofali, dirisha na paa. Haina kauli kuhusu anayeishi ndani wala kodi anayotozwa. Tangu sheria ya mwaka wa 1980 iwaruhusu wapangaji wa mabaraza kununua nyumba zao, baadhi ya nyumba za Boundary zimeingia sokoni, na bei zake haziwezi kufikiwa na fundi wa aina ile ile ambayo Fleming alimchorea. Jengo limebaki, shabaha yake inamomonyoka. Watetezi watasema kwamba sheria ya turathi si sheria ya makazi. Ni kweli, lakini mjini Vienna, jengo la Karl-Marx-Hof, lililochorwa na Karl Ehn na kufunguliwa mwaka wa 1930 likiwa na nyumba 1,382, linalindwa kama kumbukumbu na wakati huo huo lingali mali ya jiji, likipangishwa kwa wakazi. Huko ukuta na kazi ya ukuta havijatenganishwa.

Swala hili haliko mbali na Nairobi, kwa kuwa utawala wa kikoloni ulioijengea manispaa mitaa ya Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni ulitoka katika desturi ile ile ya Uingereza. Tofauti moja inawahusu wanafunzi wa lugha moja kwa moja. Hapa jina limehifadhi yale ambayo majina ya Arnold Circus yaliyafuta. Kariokor ya Nairobi, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ni Carrier Corps katika matamshi ya Kiafrika, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao wasirudi makwao. Hakuna msanifu aliyelibuni jina hilo kwa ajili ya kupendezesha ramani.

Sheria ya Kenya ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kuwa kumbukumbu. Mjadala wa kubomoa au kuhifadhi mitaa hii mikongwe umeachiwa wasanifu, wanasheria na wanasiasa, ilhali idara za Kiswahili zina kazi ndani yake. Kazi hiyo ni kuyaandika majina ya vichochoro na plotí, kurekodi masimulizi ya wazee waliopanga humo tangu enzi za pasi za kipande, na kuyaweka mahali panapoweza kusomwa kabla tingatinga halijafika. Wakazi wa Old Nichol hawakupata mtu wa kuwafanyia hivyo. Walimpata Morrison.