WADAIO CHETI NA WATOE WAKATI WA KUKITAFUTA

Bwana Mtengenezaji,

Tafadhali unipe nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo linalowahusu wengi katika tawi letu la Mwanza na pwani ya Ziwa, wala halisemwi katika mikutano yetu ila kwa kunong'ona. Jambo lenyewe ni la watumishi watu wazima wanaotafuta cheti cha kidato cha nne baada ya saa za kazi: madereva, walinzi, matarishi, wahudumu wa hospitali, na hata makarani. Nimeona si vema kunyamaza, kwa sababu wengi wanaowacheka ni wanachama wenzetu, na wengi wanaowazuia ni wakubwa ambao nao ni wanachama vilevile.

Maneno yasemwayo barazani ni matatu. La kwanza, ya kwamba cheti kipatikanacho jioni si cheti kamili, bali ni cha mlango wa nyuma. La pili, ya kwamba aliyeshindwa utotoni hana haki ya kujaribu tena akiwa na mvi. La tatu, nalo ndilo neno la wakubwa, ya kwamba atakaye kusoma na asome kwa wakati wake mwenyewe, kazi ya Serikali isiguswe. Nitayajibu moja moja, kisha nitasema lililo wajibu wa chama chetu.

Neno la kwanza. Wenye kulisema hawajui njia yenyewe ilivyo. Mtu aliyeishia darasa la saba hasomi juma mbili akaenda kupokea karatasi. Kwanza husoma masomo ya kidato cha kwanza na cha pili, akafanya Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, ndio uitwao QT. Akifaulu, husoma ya kidato cha tatu na cha nne, ndipo akaingia katika mtihani wa mwisho mwezi wa Novemba, akiitwa mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imeipanga safari hii kwa hatua mbili za mwaka mmoja mmoja. Maana yake ni kwamba mtoto apewa miaka minne, mchana kutwa, na walimu mbele yake. Mtu mzima hupita njia ile ile kwa miaka miwili, jioni, akitoka kazini na akirudi nyumbani kwenye watoto. Tena mwanafunzi wa shuleni huhesabiwa pia alama za maendeleo yake ya darasani. Mtahiniwa wa kujitegemea hupimwa kwa mtihani peke yake, akianguka siku ile ameanguka. Mlango wa nyuma uko wapi hapo? Mimi naona mlango wa mbele, tena wenye ngazi ndefu kuliko ule wa watoto.

Watu wa kwetu wamevuka kutoka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko miaka mingi, wakingoja foleni juani. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la kilomita 3, na leo mtu avuka kwa dakika chache. Je, yuko aliyesimama Sengerema akamwambia mzee wa zamani, "Wewe hukufika, maana ulikuja kwa kivuko"? Aliyefika amefika, na aliyengoja kivuko ndiye aliyechoka zaidi.

Kama twataka kuujua mlango wa nyuma, tuukumbuke mwaka wa 2017. Tarehe 28 Aprili mwaka ule, kule Dodoma, Waziri Angella Kairuki alimkabidhi Rais Magufuli taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi. Waliokutwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Mbali ya hao, vilionekana vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na watu 3,076, yaani cheti kimoja watu wawili. Wengi wetu twakumbuka viti vilivyobaki vitupu asubuhi iliyofuata, na watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Sasa nawauliza wenye kucheka: mtu aliye kazini bila cheti, akiwaona wenzake wamcheka tarishi mwenye madaftari kwapani, atajifunza nini? Atajifunza ya kwamba kusoma ukubwani ni aibu, na ya kwamba lililo salama ni kutafuta karatasi kimya kimya. Kicheko chetu ndicho kilichowapatia wauza vyeti wateja. Kila amchekaye mwanafunzi wa jioni, ajue amemwelekeza mwingine kwa mghushi.

Neno la pili. Wasema, "Alishindwa utotoni." Hapana, ndugu zangu, wengi hawakushindwa, hawakuchaguliwa, na haya ni mambo mawili. Mwaka wa 1974, katika mji wetu jirani wa Musoma, lilitolewa Azimio la kuwaingiza watoto wote katika shule za msingi. Likafanyika, na ni jambo la kushukuru. Walakini viti vya sekondari havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Katika miaka ya 1980, katika kila watoto mia waliomaliza darasa la saba, hawakufika kumi walioingia sekondari ya Serikali. Hao waliobaki, tisini na zaidi, je, wote walikuwa wajinga? Mtoto wa Magu au wa Kwimba aliyepata alama nzuri aliweza kubaki nyumbani kwa sababu tu viti vilikwisha. Shule za sekondari za kata zilienea baada ya mwaka wa 2004. Yeye wakati huo alikwisha kuwa mtu mzima mwenye jembe, au wavu, au funguo za gari la Serikali.

Wako na wasichana waliotolewa shuleni kwa sababu ya mimba, ambao mlango ulifungwa nyuma yao mpaka tarehe 24 Novemba 2021, Waziri Joyce Ndalichako alipotangaza kuwa waliokatiza masomo kwa sababu yo yote waweza kurudi. Wengine kati yao leo ni wafagizi na wapishi katika taasisi zetu. Hao nao tutawaambia wameshindwa?

Tena yatupasa kuona haya kwa kuwa jambo hili lacheka pwani hii hii. Mradi wa Kisomo chenye Manufaa, uliosaidiwa na UNESCO toka mwaka wa 1968 hata 1972, makao yake yalikuwa hapa Mwanza, ukahudumia mikoa ya Ziwa. Vitabu vyake vya kusomea viliandikwa juu ya mambo ya watu wenyewe: pamba, uvuvi, migomba. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha akazitaja wilaya sita zifute ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha, na Ukerewe ilikuwa mojawapo. Wazee wa visiwa wakashika chaki kwa vidole vilivyozoea makasia, wakajifunza kuandika majina yao mbele ya wajukuu, wala hawakuitwa washamba. Waliitwa wananchi wema. Je, imekuwaje mzee wa miaka sitini aliyejifunza herufi asifiwe, na dereva wa miaka arobaini ajifunzaye hisabati achekwe? Elimu haina mwisho, twasema kila siku. Lakini twataka iwe na mwisho kwa wenzetu.

Neno la tatu ndilo zito. Wakubwa wasema, "Na asome kwa wakati wake." Wakati wake ni upi? Saa za Serikali ni kutoka saa moja na nusu asubuhi hata saa tisa na nusu alasiri. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Lakini dereva humngoja mkubwa wake mpaka kikao kiishe, hata kama ni saa mbili usiku. Mlinzi huingia kazini wakati darasa linapoanza. Mhudumu wa wodi hubadilishiwa zamu bila kuulizwa. Mtumishi aliye Ukara au Kome ana maji kati yake na mji, na mtihani wa Novemba huja pamoja na mvua za vuli na mawimbi yake. Basi wengi hutumia likizo yao ya mwaka kufanya mtihani, wakarudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka. Na wengine hunyimwa hata likizo hiyo, wakaipoteza ada waliyokwisha kulipa.

Sipingi sharti la cheti. Waraka wa Serikali uliweka ya kwamba kuanzia tarehe 20 Mei 2004 aajiriwaye awe na elimu ya kidato cha nne, na nchi ina haki ya kutaka watumishi waliosoma. Mwaka wa 2018 Serikali ilipotamka kwamba wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo warudishwe kazini, ilionyesha kuwa sharti laweza kushikwa pamoja na huruma. Zaidi ya hayo, Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, yaifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, mpaka kidato cha nne. Maana yake, kitu ambacho zamani kilikuwa cheo sasa ni kiwango cha chini cha kila mtoto. Mtumishi asiyekuwa nacho atazidi kuachwa nyuma kila mwaka, na kijana wake mwenyewe atampita.

Ninalolipinga ni kudai bila kutoa. Tangu mwaka wa 2016 mtoto wa sekondari ya Serikali hasomi kwa ada. Mtu mzima hulipa masomo, hulipa na mtihani, kwa mshahara ulio mdogo kuliko yote katika afisi. Naye afisa aendaye semina ya siku tano hupewa gari, posho na hoteli. Dereva aliyemfikisha huko akiomba siku tatu za mtihani huambiwa kazi itaharibika. Semina haiharibu kazi? Je, posho ndiyo dawa yake?

Najua watajibu ya kwamba wananchi hawawezi kungoja dirishani kwa sababu karani amekwenda shule. Neno hili lina haki yake, nami silidharau. Lakini ratiba ya mtihani hutangazwa mapema, na zamu ni kazi ya kupanga kwa kalamu. Afisi iwezayo kupanga nani atakaa siku za sikukuu yaweza kupanga nani atakaa siku za mtihani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame; anayetaka watumishi wenye vyeti, naye na ainame kidogo.

Sasa lililo letu. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka wa 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wake. Kilikuwa chama cha makarani na walimu, watu waliojua kwamba kalamu ndiyo iliyowapa kazi na heshima. Itakuwa ajabu sisi tuliokuja nyuma yao tuwe wachoyo wa kalamu ile ile. Kwa hiyo naleta mashauri matano, nami naomba yasomwe katika mkutano ujao:

1. Tawi liandikie kila mwajiri, majina ya watumishi wasio na kidato cha nne yatiwe katika mpango wa mafunzo wa mwaka, pamoja na ya hao waombao kwenda vyuo vikuu.

2. Siku za mtihani wa QT na za kidato cha nne zitolewe ruhusa isiyokatwa katika likizo ya mwaka.

3. Mfuko wa tawi ukopeshe ada ya mtihani, ukarudishwe kidogo kidogo mwisho wa mwezi bila riba. Twakopeshana kwa harusi. Tukopeshane na kwa hili.

4. Wanachama wenye elimu wafundishe. Tunao wahasibu wa kufundisha hisabati, matabibu wa kufundisha baiolojia, makatibu wa kufundisha Kiingereza. Jioni mbili kwa juma, katika chumba chetu cha mikutano, hazitamuua mtu.

5. Mwanachama ye yote atakayejulikana kuwa ametafuta au ameuza cheti cha kughushi, chama kisimtetee.

Mashauri haya hayangoji fedha kutoka Dodoma. La tatu na la nne twaweza kuyaanza mwezi huu huu, na tukiyaanza tutakuwa na uso wa kuwaendea wakubwa kwa la kwanza na la pili. Lakini tukienda kudai ruhusa kwa wakubwa, hali sisi wenyewe twamcheka mwenye madaftari, watatuuliza, "Ninyi mmemfanyia nini?" nasi hatutakuwa na jibu.

Wasalaam, Bwana Mtengenezaji. Mwenye hoja ya kunipinga na aandike. Nafasi ya gazeti hili ni ya wote.

Mimi ni wenu katika chama,
Karani wa Masijala,
Mwanza.