Fainali ya Masikio na Fainali ya Macho: Kiswahili cha Shabiki wa Kandanda Kitale na Bungoma

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Ni methali yenye ukweli mwingi, lakini shabiki wa kandanda wa Kitale au wa Bungoma ameikanusha kwa miaka mingi. Fainali zilizomliza na zilizomrusharusha kwa furaha zilichezwa Nairobi, Tunis, Paris na Madrid, ilhali yeye alikuwa ameketi mamia au maelfu ya kilomita kutoka uwanjani. Hakuwapo, na bado lake lilikuwapo. Kilichomfikisha huko hakikuwa nauli wala tiketi, bali maneno. Na kwa muda mrefu maneno hayo yalikuwa ya Kiswahili.

Makala haya yanashikilia kwamba shabiki haioni fainali kwa macho pekee. Huiona kwa lugha anayosimuliwa na kwa lugha anayoisimulia yeye mwenyewe. Ikiwa ndivyo, basi utangazaji wa kandanda redioni pamoja na ubishi wa mashabiki katika mabanda ya video ni fasihi simulizi kamili, yenye fanani, hadhira na utendaji. Nafasi finyu ambayo fasihi hiyo hupewa katika mihadhara ya Kiswahili ni hasara kwa taaluma, na ni hasara inayozidi kila mwaka.

Yafaa kuanza na miji yenyewe. Kitale ni mji uliopanuka baada ya reli kuufikia mwaka 1926, ukiwa umezungukwa na mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru mashamba hayo yaliwavutia watu wa kila pembe, hivi kwamba Mbukusu, Msabaoti, Mturkana, Mkikuyu, Mkisii na Mjaluo hukutana katika soko moja. Bungoma nayo, ingawa ni kitovu cha Wabukusu, imekaa kando ya barabara kuu iendayo Malaba na Uganda, na wageni hawaishi kupita. Katika mazingira kama hayo, Kiswahili ndicho lugha ambayo watu wote waliomo ukumbini wanaweza kuitumia kubishana juu ya penalti.

Hata ushabiki wa klabu, ambao mizizi yake ni ya kijamii, ulipata makao katika Kiswahili. Klabu ya Abaluhya iliundwa mwaka 1964. Serikali ilipotaka vilabu viachane na majina ya kikabila, klabu hiyo ikaitwa AFC Leopards kuanzia mwaka 1980, ingawa mashabiki wake waliendelea kuiita Ingwe, yaani chui. Mtani wake mkubwa ni Gor Mahia, klabu yenye asili ya Waluo. Mechi ya wawili hao huitwa debi ya Mashemeji, kwa kuwa Waluhya na Waluo wameoana vizazi kwa vizazi. Ikumbukwe kwamba jina hilo si la Kiluhya wala la Kijaluo. Ni Kiswahili kilichouchukua uhasama wa uwanjani kikautia katika ukoo, mahali ambapo watu wanaweza kutaniana pasi na kuumizana.

Fainali iliyodhihirisha uwezo wa lugha kuliko zote ni ile ya mwaka 1987. Tarehe 5 Desemba mwaka huo, Gor Mahia ilicheza jijini Nairobi mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mkondo wa kwanza kule Tunis ulikuwa umekwisha kwa sare ya 2-2. Huu wa pili ukaisha 1-1. Kwa msikilizaji aliyekuwa Kitale, takriban kilomita 380 kutoka Nairobi, akitegemea redio ya Sauti ya Kenya, hapo palikuwa na fumbo. Timu haikushinda hata mechi moja kati ya mbili, na bado ndiyo iliyokuwa bingwa. Kilichoamua ni mabao ya ugenini.

Sheria hiyo haionekani kwa macho. Yeyote anayetazama wachezaji wakikimbia hawezi kuijua mpaka aelezwe. Aidha, sharti aelezwe kabla ya kipenga cha mwisho, ili afahamu kwamba kila dakika inayopita bila bao ni hatua moja kuelekea kombe, na kwamba bao moja tu la wageni lingegeuza karamu kuwa matanga. Hii ndiyo taharuki ambayo wanafunzi wa fasihi hufundishwa kuitafuta katika riwaya. Siku ile iliundwa na sauti ya mtu mmoja akizungumza na mamilioni asiowaona. Ni sheria hiyo hiyo ya bao la ugenini iliyowanyima Yanga ya Tanzania Kombe la Shirikisho mwaka 2023, walipofungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam kisha wakashinda 1-0 kule Algiers. Kwa Gor Mahia sare mbili zilileta kombe. Kwa Yanga ushindi wa ugenini ulileta machozi.

Ufundi wa mtangazaji wa redio unastahili kuchunguzwa kwa makini. Kwanza, humgawia msikilizaji uwanja: timu fulani inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako. Kwa kauli hiyo moja, kisanduku kilichowekwa juu ya meza au kuning'inizwa kwenye tawi la mti hugeuka uwanja mzima, na msikilizaji hujikuta akigeuza shingo kuufuata mpira asiouona. Pili, mtangazaji hutumia takriri ya majina ya wachezaji kuonyesha kasi ya pasi, na hupandisha sauti kadiri mpira unavyolikaribia lango. Tatu, huazima sitiari kutoka nyanja za mbali. Mpira hutiwa kimiani, hutikisa nyavu. Nayo kimia na nyavu ni zana za mvuvi. Mchezaji aliyepitishiwa mpira juu ya kichwa amevishwa kanzu. Aliyetangulia nyuma ya walinzi kuusubiri mpira ameotea, neno lenye harufu ya mwindaji anayevizia mawindo. Mkulima wa mahindi aliyezaliwa chini ya Mlima Elgon, ambaye huenda hajawahi kuiona bahari, aliyapokea maneno ya pwani na kuyafanya yake bila kufunguliwa kamusi. Ni vitabu vichache vya sarufi vinavyoweza kujivunia ufanisi kama huo.

Leonard Mambo Mbotela, aliyejulikana pia kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, alikuwa miongoni mwa waliojenga ufundi huo, pamoja na watangazaji wenzake kama Mohammed Juma Njuguna. Mbotela alifariki Februari 2025. Rambirambi zilikuwa nyingi na zilistahili. Hata hivyo, swali linabaki: ni wanafunzi wangapi wa shahada ya Kiswahili wanaoweza kuchambua dakika tano za utangazaji wa aina yake kwa umakini ule ule wanaoutumia kuchambua ubeti wa shairi? Jibu huenda likaleta aibu.

Runinga za setilaiti zilipoenea, fainali ya masikio iliipisha fainali ya macho. Mabanda ya video yalichipuka mijini na hata katika vituo vidogo vya barabara ya Webuye kwenda Kitale, na shabiki akalipa kiingilio kidogo kuzitazama klabu za Ulaya. Tarehe 17 Mei 2006, Arsenal ilipokutana na Barcelona huko Ufaransa katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, mechi ilianza saa nne kasorobo usiku kwa saa za Kenya. Kipa Jens Lehmann alionyeshwa kadi nyekundu dakika ya 18. Sol Campbell akaifungia Arsenal kwa kichwa dakika ya 37. Kwa karibu dakika arobaini za mchezo, shabiki wa Wanabunduki alikaa na kombe moyoni, timu yake ikiwa na watu kumi. Kisha Samuel Eto'o akasawazisha dakika ya 76, na Juliano Belletti akamaliza kazi muda mfupi baadaye. Arsenal haikuwa imewahi kufika fainali hiyo kabla ya usiku ule.

Msiba huo ulitangazwa kwenye runinga kwa Kiingereza. Shabiki aliona kila kitu: jasho, machozi, hata mshono wa jezi. Lakini lugha iliyomsimulia haikuwa ile ambayo angeitumia kumweleza jirani yake asubuhi. Hapa ndipo jambo la maana linapojitokeza. Mabanda ya video hayakukubali kunyamaza. Mtazamaji mmoja mwenye ulimi mwepesi husimama akatangaza upya kile kinachoonekana; wa pili humjibu kwa methali; wa tatu huwafanyia wote stihizai. Refa hupewa ukoo, kipa hupewa jina la msimbo, na mchezaji kama Eto'o huzua mjadala mzito: je, bao la Mwafrika linaloiua klabu yako ni msiba au ni fahari? Kiswahili cha hapo huchanganyika na Kibukusu na Sheng, lakini uti wa mgongo wake ni Kiswahili. Hadhira imegeuka fanani.

Mfano ulio bora zaidi ni fainali ya tarehe 1 Juni 2019 jijini Madrid, Liverpool ilipoilaza Tottenham 2-0. Bao la pili lilifungwa na Divock Origi dakika ya 87. Kwa rekodi za soka Origi ni Mbelgiji. Kwa ukoo, baba yake ni Mike Okoth, aliyeichezea timu ya taifa ya Kenya, na Austin Oduor, nahodha wa Gor Mahia ya 1987, ni kaka wa Mike. Kiingereza humwita Oduor mjomba wa Origi kwa neno lile lile linalotumiwa kwa ndugu wa mama. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Oduor ni baba mkubwa, yaani naye ni baba. Na katika kikosi cha Tottenham usiku ule, ingawa hakucheza, alikuwamo Victor Wanyama, mwana wa Noah Wanyama aliyeichezea AFC Leopards. Kwa hiyo, shabiki wa Bungoma aliyeyajua haya alikuwa na haki ya kudai kuwa fainali ya Ulaya ilikuwa kwa kiasi fulani mechi ya mashemeji. Ni ukweli ambao picha haikuuonyesha; uliohitajika kuusema ni msamiati wa ukoo ambao Kiswahili kinao tayari.

Ipo pia fainali ya miguu. Oktoba 2017, AFC Leopards iliifunga Kariobangi Sharks 2-0 katika fainali ya Ngao ya GOtv iliyochezwa uwanja wa Bukhungu, Kakamega. Safari hii fainali ilikuwa karibu na nyumbani. Kwa anayetoka Kitale, ni kupita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye na Malava. Kwa wa Bungoma ni karibu zaidi. Mashabiki wa Ingwe hujulikana kwa ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Isukuti imeorodheshwa, na ni vyema. Maneno ya kejeli na sifa yanayotamkwa kandokando ya ngoma hiyo, mengi kwa Kiswahili, hayajapata mlinzi wa aina hiyo.

Yamkini watakuwapo wapinzani wa hoja hii. Wa kwanza watasema kuwa mazungumzo ya mashabiki yamejaa matusi na Sheng, na kwamba kuyaleta chuoni ni kuichafua lugha. Hawa wakumbuke kuwa malumbano ya utani na nyimbo za jando nazo hazikosi maneno makali, na bado huhesabiwa kuwa fasihi. Mtafiti hatakiwi kuyatakasa anayoyasikia. Anatakiwa kuyasikia vizuri. Wa pili watasema kuwa kandanda imegeuka kamari na kuwapotezea vijana muda. Lawama hiyo ina uzito, lakini inahusu matumizi ya mchezo, si thamani ya lugha yake. Wa tatu watakumbusha kuwa redio za Kiswahili kama KBC Radio Taifa na Radio Jambo zimeendelea kutangaza mechi. Ni kweli, tena wapo wanaozima sauti ya runinga na kuwasha redio, hata kama bao husikika kabla ya kuonekana. Hilo haliidhoofishi hoja. Laithibitisha, kwa kuwa mtu aliye na picha mbele yake bado anaitafuta sauti ya Kiswahili.

Linalohitajika si jambo la gharama kubwa. Chuo Kikuu cha Kibabii kipo Bungoma kwenyewe, na wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vingine hurejea Kitale na Webuye kila likizo. Mwanafunzi mwenye simu anaweza, kwa idhini ya waliomo, kurekodi banda moja usiku wa fainali moja, akanukuu maneno, akaainisha sitiari, na kuandika tasnifu ambayo haijaandikwa. Wazee waliosikiliza fainali ya 1987 wangali hai, na wanaweza kuhojiwa juu ya walichosikia na walivyokielewa. Mashirika ya utangazaji yaombwe kanda zilizosalia. Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa mwaka 2023 haki ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, kwa ombi lililobeba jina la Pamoja. Ombi limeitwa kwa Kiswahili. Itakuwa ajabu iwapo wataalamu wa Kiswahili hawatakuwa na la kusema juu ya lugha itakayosimulia mechi zake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mabao yote ya fainali hizo yameandikwa, pamoja na dakika zake na majina ya wafungaji. Maneno yaliyomfanya mtu wa Kitale ayaone akiwa amefumba macho ndiyo ambayo daftari lake halijafunguliwa, nao wenye jukumu la kulifungua ndio wasomaji wa jarida hili.